Barua ya wazi kwa wanaouza safari ya wanyama pamoja na maisha yetu

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa Mkurugenzi Mtendaji, wasimamizi wa ziara na wote wenye kauli katika kampuni inayowaleta wageni mtaani kwetu kabla ya kuwapeleka hifadhini.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WAGENI WENU, WATOTO WETU NA HABARI ZA NJIA YA RUFIJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la kampuni yenu nimeliacha kwa makusudi, maana nia yangu si kuwachafulia biashara. Wenyewe mnajijua, na mtaani kwetu magari yenu yanajulikana hata kwa mlio. Mama mmoja wa hapa alishafika ofisini kwenu kulalamika. Mimi nikaleta barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ikapokelewa na kusainiwa kwenye daftari la mapokezi. Tukaambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Baada ya hapo simu zetu hazikupokelewa tena, na wageni wakaendelea kuletwa kama kawaida. Ndiyo maana leo nayasema haya hadharani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Somo langu lilikuwa maarifa ya jamii. Kwetu ni Rufiji, lakini maisha yangu yote ya kazi yamekuwa Dar es Salaam, watoto wangu wamekulia Mbagala, na sasa ni mjumbe wa kamati ya shule. Kwa hiyo safari yenu inaanzia nyumbani kwangu na kuishia nyumbani kwa wazazi wangu. Nina haki ya kuisemea.

Niliweke wazi mapema: ziara ya namna hii siipingi, naipenda. Mgeni anayekuja Tanzania akapiga picha za twiga na viboko, akapanda ndege akarudi kwao bila kujua wananchi wanaishije kando ya hao twiga, ameondoka na nusu ya habari. Mambo ya ardhi, ajira za vijana, shule zilizojaa, mafuriko, tembo na mashamba, yote yako njiani anakopita. Ninyi mmeona hilo mapema kuliko wengi, na wazo lenu ni zuri. Ninachokikataa ni jinsi mnavyolitekeleza.

Nilipokuwa kazini tulikuwa tunawapeleka wanafunzi Mikumi, kama zinavyofanya shule nyingi za Dar es Salaam. Ni hifadhi ya tangu 1964, kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya imepita katikati yake. Getini tulisomewa masharti kabla gari halijasogea. Hakuna kushuka isipokuwa paliporuhusiwa. Hakuna honi wala makelele. Hakuna kumlisha mnyama, hata nyani anayekuja mwenyewe dirishani. Gari lisiache njia. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Jua likizama, mmeshatoka. Watoto wa darasa la sita, ambao darasani sikuweza kuwanyamazisha dakika tano, walikaa kimya kabisa mbele ya tembo aliyekuwa na ndama wake, kwa kuwa askari aliwaambia mama huyo hapendi mwanawe asumbuliwe.

Majirani zetu wa Uganda na Rwanda wana masharti makali zaidi kwa gorila wa milimani. Familia moja ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8, kwa saa moja tu kwa siku, kwa umbali uliopangwa. Mgeni akiwa na mafua anazuiwa kwenda, hata kama kibali ameshakilipia mamia ya dola.

Masharti hayo ni mazuri na nayaunga mkono yote. Ombi langu ni kwamba yafike na mtaani. Ulinzi mnaompa mnyama dhidi ya mgeni, mpeni pia binadamu mnayempeleka mgeni kumwangalia. Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Picha ya mtoto

Kwenye tangazo lenu kuna picha ya msichana wa darasa la tatu. Amevaa sare, sweta limefumuka begani, amekumbatia daftari kifuani. Jalada la daftari linasomeka vizuri: jina lake kamili, jina la shule, darasa na mkondo. Chini yake mmeandika kwamba ni yatima aliyepata tumaini kupitia ziara zenu.

Mtoto huyo ana mama. Mama yake anakaanga vitumbua Rangi Tatu tangu alfajiri, na daftari hilo amelinunua yeye. Baba yake naye yuko hai, ni mbeba mizigo Kariakoo. Habari ya picha mama aliipata kwa mteja aliyemwonyesha kwenye simu akimuuliza, "Huyu si wa kwako? Mbona wameandika hana wazazi?" Alifika kwangu ameazima simu ile, vidole vyake bado vina unga wa mchele, akaniomba nimsomee neno kwa neno. Nilimsomea. Akauliza kama mwanawe anajua kuwa ameandikwa hivyo. Alikuwa anajua. Wenzake walikuwa wameshaanza kumwita jina hilo uwanjani.

Ofisini kwenu aliambiwa kwamba picha ilipigwa na mgeni, hivyo kampuni haihusiki. Sawa, mgeni alipiga. Nani aliichukua akaiweka kwenye tangazo la biashara? Nani aliandika neno yatima? Na nani amekataa kuiondoa hadi leo?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inataka maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika 2023. Mnaendesha kampuni yenye leseni na bila shaka mna mwanasheria, mwulizeni. Lakini hata bila sheria, fikirini kama wazazi. Sura ya mtoto, jina lake na shule yake vikiwekwa pamoja, vinamwelekeza mtu yeyote, popote alipo duniani, pa kumkuta mtoto huyo saa za kutoka shule.

2. Masomo yanayokatizwa

Wageni wenu hufika saa nne asubuhi, katikati ya vipindi. Madarasa mawili au matatu hutolewa nje, watoto hupangwa kwa urefu, huimba, hupigwa picha, hushikwa mikono, kisha hurudishwa ndani wakiwa wamechangamka kiasi kwamba mwalimu hawezi tena kuendelea na alichokuwa anafundisha. Kipindi ni dakika 40. Msafara mmoja unameza viwili. Hapo tunazungumzia shule ya Dar es Salaam iliyofurika, kwa sababu tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto wamekuja wengi, jambo jema, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Darasa la nne wana upimaji wa taifa, darasa la saba wana mtihani. Kila dakika tunaihesabu.

Lililonisikitisha zaidi ni kuona mgeni ambaye hajawahi kufundisha popote akikabidhiwa chaki asimame mbele ya darasa la pili afundishe Kiingereza ili mwenzake ampige picha. Mwalimu wa darasa, mwenye cheti na uzoefu, alisogea pembeni akasimama karibu na dirisha. Nilimwona. Huko kwao mgeni huyo hawezi kuingia darasa la watoto wa watu bila kuchunguzwa na kupewa ruhusa, na ninyi mnajua hivyo.

3. Makao ya watoto

Ratiba yenu ina kipengele cha "kutembelea yatima" mchana, kabla ya chakula. Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Wengi wa watoto wanaolelewa kwenye makao, hapa kwetu na kwingineko duniani, wana mzazi au ndugu aliye hai; kilichowapeleka huko aghalabu ni umaskini, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani. Makao yanayoendeshwa kwa michango ya watalii yanahitaji watoto wa kuonyeshwa, na yakiwahitaji yatawapata. Ndiyo maana mwaka 2018 Australia ilitambua usafirishaji wa watoto kwenda kwenye makao ya yatima kuwa sehemu ya utumwa mamboleo, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio lililogusa madhara ya kujitolea na utalii katika makao ya watoto. Haya si maneno ya mwalimu mzee wa Mbagala peke yake.

Wapo walezi wema sana kwenye makao ya jiji hili, wanaolala macho na watoto wagonjwa, na wananchi tunawaheshimu. Mchango wapelekewe, kwa utaratibu, kupitia kwa afisa ustawi wa jamii. Kundi la wageni kumi na wawili kuingia chumba wanacholala watoto na kuwabeba mmoja mmoja si mchango. Mtoto wa miaka mitatu anayekumbatiwa na mtu mpya kila Alhamisi, kisha mtu huyo asionekane tena, anaumia.

4. Habari za Rufiji ambazo hazisimuliwi

Mkitoka kwetu mnashika barabara ya Kilwa: Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kibiti. Hapo mnaacha barabara kuu, mnapita Mkongo hadi Mloka, na mbele kidogo ndilo geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hiyo ilitangazwa 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous. Ina kilomita za mraba 30,893, hakuna hifadhi ya taifa kubwa kuliko hiyo nchini. Njia nzima, kwa maelezo ya vijana wetu waliowahi kuwafanyia kazi, wageni husinzia au husimuliwa kuhusu simba na mbwa mwitu. Na wakifika huambiwa wanaingia kwenye pori ambalo binadamu hajawahi kuligusa.

Si kweli. Na ninyi mnaosema mnauza elimu ya jamii mnapaswa kuwa wa kwanza kulisahihisha.

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri za uwindaji na kutenga mapori ya kwanza, mojawapo upande huu wa Rufiji. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliwaka kutoka vilima vya Umatumbi, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, akanyongwa mwanzoni kabisa mwa vita hivyo. Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mashamba yakarudi kuwa msitu, tembo wakahamia palipokuwa na watu. Miaka ya 1940 Waingereza wakawahamisha watu wa upande wa Liwale kwa hoja ya malale, na pori likazidi kupanuliwa. Jina la Selous lenyewe lilikuwa la mwindaji na askari wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Wangindo, Wamatumbi na Wandengereko ambao babu zao walilima ndani ya eneo hilo, leo wengi wako Mbagala, Temeke na Mtoni. Wageni wenu wanawapita asubuhi wakiwa wanapanga nyanya barabarani, na hakuna anayewaambia kwamba watu hawa na lile pori wana historia moja.

Halafu kuna dungu. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, bado analima mpunga na mahindi huko. Mahindi yakianza kubeba, analala dunguni: banda la miti lililoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ngazi ya fito, sakafu ya mabanzi, paa la makuti, na kamba ndefu iliyofungwa makopo hadi mwisho wa shamba ili akiivuta usiku yapige kelele. Anafukuza nguruwe pori, na tembo wakija anapiga debe na kuomba Mungu. Mwanamke wa umri wake hufanya hivyo usiku baada ya usiku hadi mavuno. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 upande huo wa Rufiji. Watafiti walipochunguza mashambulizi ya simba kusini mwa nchi, walikuta mengi yalitokea msimu wa mavuno, watu wakiwa wamelala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba ambaye mgeni amevuka bahari kuja kumwona, shangazi anamjua kwa njia nyingine kabisa.

Serikali ina kanuni za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa. Ni jambo la kushukuru kwamba zipo. Lakini mwulizeni mkulima yeyote wa Mwaseni ni hatua ngapi anapitia na anasubiri kwa muda gani, atawaeleza. Waelezeni wageni na kuhusu mafuriko ya Aprili 2024, mashamba ya bonde la Rufiji yalipokaa chini ya maji na watu wakavushwa kwa mitumbwi. Waelezeni kuhusu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, umeme ambao nchi ilikuwa inauhitaji sana, na mjadala uliokuwepo kwa kuwa limejengwa ndani ya eneo la urithi wa dunia. Hapo mgeni atakuwa amejifunza. Yote hayo ni masuala ya kijamii, yako njiani, yanasemwa na watu wazima wenye akili zao, na hayahitaji mtoto hata mmoja kutolewa darasani.

5. Fedha

Ukiingia hifadhini unapewa kumbukumbu namba, unalipa, unapata risiti, na kila mtu anajua kiasi gani kimelipwa kwa nini. Mtaani kwetu mgeni amekwishalipia "siku ya jamii" ofisini kwenu, kisha shule inaachiwa boksi la kalamu na mpira mmoja. Hakuna karatasi inayoonyesha chochote. Siwatuhumu kuiba. Nasema hakuna hesabu, na pasipo hesabu kila mtu anawaza lake.

Mifano mizuri ipo, tena karibu. Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya hifadhi zake kwa wananchi wanaoishi kando yake, kiwango kilichopandishwa 2017 kutoka asilimia 5. Hapa kwetu, kule Mto wa Mbu, utalii wa utamaduni umekuwepo tangu katikati ya miaka ya 1990: waongozaji ni wenyeji, mgeni anapita mashamba ya migomba na karakana za wachongaji, na sehemu ya malipo inakwenda kwenye shughuli za kijiji. Huko hakuna anayejificha mgeni akija.

6. Pipi

Acheni kurusha pipi kutoka garini. Watoto wanazikimbilia barabarani, na hii ni mitaa ya bodaboda.

Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine tumekwishapewa.

Mtasema mwalimu mkuu aliruhusu. Mwalimu mkuu ana shule yenye matundu machache ya vyoo na madawati pungufu. Akija mtu na ndoo nne za rangi, anapata tabu kukataa. Ruhusa inayotolewa katika hali hiyo haitoshi, na wala si yeye mzazi wa watoto wale. Kamati ya shule ipo, na wazazi huitwa kikao kila muhula. Hamjawahi kuomba kuja.

Mtasema wageni wenyewe ndio wanaotaka kuwaona watoto. Inawezekana. Hifadhini pia wapo wageni wanaotaka dereva aache njia wasogee karibu na chui, na dereva mzuri anakataa kwa heshima, anaeleza sababu, na mgeni anaelewa. Wengi wa wageni hawa ni watu wenye nia njema kabisa. Nimezungumza na baadhi yao pale shuleni kwa Kiingereza changu. Mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniuliza afanye nini asiwaudhi watu. Alikuwa anauliza kwa dhati, na hapakuwa na mtu wa kampuni aliyemwandaa kwa lolote.

Mtasema mnaleta ajira, na mkibanwa biashara itakufa na vijana watakosa kazi. Vijana wetu wawili waliwahi kuwabebea wageni mabegi na kuwatafsiria, bila mkataba, kwa posho ya siku. Tunataka ajira zaidi ya hapo. Kuna vijana Mbagala waliosomea utalii hapa hapa Dar es Salaam, wanakaa nyumbani wakati mtu asiyejua mtaa unaanzia wapi ndiye anayeusimulia.

Na mtasema leseni mnayo. Tunaamini mnayo. Leseni ni ya kuendesha biashara ya utalii. Haijawapa mamlaka juu ya sura ya mtoto wa mtu.

Tunachoomba kina mambo ya leo na mambo ya kukaa chini. Ya leo ni mawili. Picha ya msichana yule iondolewe kila mahali mlipoiweka, pamoja na za watoto wengine ambao wazazi wao hawakuridhia kwa maandishi, na mama yake aombwe radhi ana kwa ana, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mtoto naye asikie ikisemwa kwamba yeye si yatima. Pili, ziara za shuleni saa za masomo na zile za makao ya watoto zisimame mara moja.

Mengine tuyapange pamoja. Tunataka makubaliano ya maandishi kati ya kampuni, serikali ya mtaa na kamati ya shule: idadi ya wageni kwa siku, saa, mahali pa kupita na pasipopitwa, picha za nani na kwa ruhusa gani. Yasomwe kwa mgeni kabla hajashuka garini, kama yanavyosomwa getini. Malipo ya jamii yapitie akaunti ya benki, risiti itolewe, na hesabu ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa kila robo mwaka. Waongozaji wa mtaani wawe wakazi wenye mafunzo na mkataba. Na huko Rufiji, muda wa kukaa na wenyeji uwe wa kweli. Mgeni akae asubuhi nzima na mkulima, aoneshwe dungu, asikie kwa mwenye shamba na kwa askari wa wanyamapori pia, maana naye ana lake la kusema na anafanya kazi ngumu. Msimuliaji alipwe kama mnavyomlipa dereva. Dar es Salaam vilevile wapo wa kuzungumza nao wakalipwa: mama lishe anayejua bei ya unga ilivyopanda na kushuka, wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA), wavuvi wa Feri, machinga waliohamishwa Kariakoo 2021, familia za bonde la Msimbazi waliofurikiwa wakahama wakarudi. Ni watu wazima. Wataamua wenyewe waseme nini na wapigwe picha au la.

Mimi niko tayari kusaidia kuandaa maelezo ya historia ya njia ya Rufiji, kwa Kiswahili, mtu wenu ayatafsiri. Kwa hilo sidai malipo.

Ofisi ya serikali ya mtaa iko wazi Jumamosi hadi saa sita mchana. Tunawasubiri ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Wazazi watakuwepo, mama yake yule msichana atakuwepo, na mimi nitakuwepo. Njooni na mtu mwenye uwezo wa kuamua, si wa kuandika maelezo na kuondoka nayo. Siku hizo zikipita bila jibu, tutapeleka malalamiko haya kwa maandishi kwa mamlaka zinazotoa leseni za utalii na zinazosimamia haki za watoto na taarifa binafsi, tukiambatanisha nakala ya tangazo lenu na nakala ya barua mliyoisaini kuipokea.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya shule
Mbagala, Dar es Salaam

Nakala:
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Mwalimu Mkuu
Afisa Ustawi wa Jamii
Wazazi wote wa shule yetu